TIME_WAIT haijawahi kukuangushia seva: dhana potofu kuhusu kerneli ya Linux

Hii ya kwamba TIME_WAIT, hali ya konekshoni ya TCP iliyokwisha kufungwa, ndo inaangusha seva nimeisikia kwa wateja mpaka nimechoka. Seva iko slo, mtu anaendesha ss, komandi ya kuorodhesha konekshoni, anaona TIME_WAIT elfu thelathini, basi mchawi keshapatikana, na mpaka ananipigia ameshapesti mistari kibao ya sysctl (mipangilio ya kerneli, yaani kiini cha Linux) aliyoikuta mtandaoni na hajui hata mmoja unafanya nini.

Jamani TIME_WAIT sio ugonjwa. Upande uliotangulia kufunga konekshoni unasubiri sekunde 60 ili pakiti zilizochelewa njiani zisije zikaingia kwenye konekshoni mpya yenye anwani na poti zilezile. Soketi ya hivyo inakula memori kidogo mno. Na hizo sekunde 60 zimeandikwa ndani ya kodi ya kerneli yenyewe, kwahiyo ukishusha tcp_fin_timeout hujazigusa kabisa, ile inahusu FIN_WAIT_2, hali nyingine ya konekshoni inayofungwa.

Kwenye hizo sysctl, mbaya kuliko zote ni tcp_tw_recycle. Hii ilikuwa inakumbuka taimustampu ya mwisho ya kila IP, ikija SYN (pakiti ya kuanzisha konekshoni) yenye taimustampu ya nyuma inatupwa kimyakimya. Sasa wateja wako wako kwenye bando la simu, mtandao umewaweka wengi nyuma ya IP moja ya NAT na kila simu ina taimustampu zake, matokeo yake mmoja anafungua tovuti vizuri na mwenzake pembeni inamzungukia tu, ukienda kwenye logi za nginx, ile programu ya seva ya wavuti, hakuna kitu maana konekshoni haijafika huko. Watu wanalaumu mtandao wa simu wiki nzima! Iliondolewa kabisa kwenye Linux 4.12 mwaka 2017 na bado naikuta kwenye hizo sysctl za kukopi. Kama una seva ya zamani kaiangalie leo, ikiwa 1 irudishe 0.

Sehemu moja tu TIME_WAIT inaweza kukubana kweli, nayo ni proksi, seva ya mbele inayopeleka maombi kwa bekendi, yaani seva ya nyuma. Poti za kutokea kwa kawaida ni 32768 hadi 60999, kama elfu 28 hivi, ukifungua konekshoni mpya kwa kila ombi kwenda IP na poti ileile moja, ukipita kama 470 kwa sekunde zinakwisha. Dawa yake ni keepalive kwenye upstream ya nginx (sehemu ya kutaja bekendi), ili konekshoni ileile itumike tena kwa maombi mengine. Nasema hili kila siku, weka keepalive. tcp_tw_reuse, sysctl ya kutumia tena poti zilizo TIME_WAIT, nayo inasaidia hapo, ila ni kwa konekshoni zinazotoka tu, zinazoingia haizigusi.

Dhana nyingine ninazosikia: "Seva haiwezi kupita konekshoni 65,535." Inapita. Konekshoni inatambulika kwa IP na poti za pande zote mbili, wateja wote wanaingia poti 443 ileile bila shida. Utakwama kwanza kwenye memori au idadi ya faili zilizofunguliwa, na hapo limiti ya kawaida ya prosesi ni 1024, hiyo ndo ya kupandisha.

"Nimepandisha somaxconn mpaka 65535 lakini wapi." somaxconn ni kikomo cha foleni ya konekshoni zinazosubiri programu izipokee, na kerneli inachukua ndogo kati yake na backlog, yaani urefu wa foleni ulioombwa na programu, nginx kwenye Linux inaomba 511 usipoiambia vingine. Halafu tangu Linux 5.4 somaxconn ni 4096 tayari, zamani ilikuwa 128. Kabla ya kugusa chochote angalia nstat, komandi ya takwimu za mtandao, ListenOverflows isipopanda foleni yako haijajaa, nenda kaangalie kwery za databesi.

"Memori imekwisha, komandi ya free inaonyesha imebaki kidogo." Soma safu ya available. Kerneli inatumia memori iliyokaa bure kuweka kashe ya faili, na hiyo kashe ndo inafanya picha na CSS zako zitoke haraka bila kusoma diski, kwahiyo ile kroni (kazi ya kujirudia yenyewe) ya kufuta kashe kila saa ifute hiyo kroni yenyewe.

Na BBR, njia ya TCP ya kupanga kasi ya kutuma data, sio ya kuongeza nguvu ya CPU. Inasaidia pale njia ya kwenda kwa mteja inapopoteza pakiti, PHP inayochukua sekunde tatu itaendelea kuchukua sekunde tatu.