Je, wajua kwa nini mabawa ya Cessna hukaa juu ya vichwa vya abiria?

Ukisafiri kwa ndege ndogo kutoka Dar es Salaam kwenda Mafia, au kutoka uwanja wa Wilson jijini Nairobi kwenda Maasai Mara, kuna uwezekano mkubwa utapanda Cessna Caravan. Ukishafunga mkanda na kuchungulia dirishani, hakuna bawa la kukuzibia. Mikoko, fungu la mchanga, kundi la nyumbu, vyote unaviona moja kwa moja chini yako. Kwenye ndege kubwa ya abiria, aliyepangiwa kiti cha dirishani katikati ya ndege hutazama bati la bawa tu tangu kuruka hadi kutua.

Ndege kubwa za abiria karibu zote zina mabawa chini. Hata miongoni mwa watengenezaji wa ndege ndogo, Piper kwa sehemu kubwa ya modeli zake za miaka sitini iliyopita na Cirrus zimeweka mabawa chini. Cessna wao, kuanzia 150 ya watu wawili, 172 ya watu wanne, 206 ya watu sita hadi Caravan, wameyapeleka juu. Kwa nini?

Wengi watakujibu kuwa ni kwa ajili ya mandhari. Hiyo ni faida, tena kubwa kwa watalii, lakini 172 imetoka kiwandani zaidi ya mara 44,000, idadi ambayo hakuna ndege nyingine duniani imeifikia, na nyingi zilinunuliwa na watu waliotaka kujifunza urubani au kufika mahali kwa gharama nafuu. Kwa maoni yangu sababu yenye uzito zaidi ni petroli. Lakini tuanze na mkulima mmoja.

Clyde Cessna alikuwa mkulima wa Kansas, Marekani, aliyejiundia ndege yake ya kwanza mwaka 1911. Mwaka 1925 aliungana na Walter Beech na Lloyd Stearman kuanzisha kampuni ya Travel Air mjini Wichita. Wakati huo ndege nyingi zilikuwa na mabawa mawili, moja juu ya lingine, yakiwa yameunganishwa kwa nguzo na nyaya. Cessna aliamini katika bawa moja, imara, lisilohitaji kushikiliwa na kitu chochote. Wenzake walikuwa na msimamo mwingine, akaondoka, na mwaka 1927 akaanzisha kampuni yenye jina lake. Ndege zake za mwanzo zilikuwa na bawa moja, liko juu, na halina nguzo hata moja.

Hapo ndipo pananivutia, kwa sababu nguzo ya mshazari inayotoka ubavuni mwa ndege kwenda chini ya bawa ndiyo alama ambayo leo watu huitambulia Cessna. Mwanzilishi mwenyewe hakuitaka. Ilikuja baadaye, mwaka 1946, vita vilipokwisha na kampuni, sasa ikiongozwa na mpwa wake Dwane Wallace, ikataka kuuza ndege ya bei ambayo mtu wa kipato cha kati angeimudu. Bawa linalojishikilia lenyewe hubeba mzigo wote kwenye shina lake, kwa hiyo mhimili wa ndani lazima uwe mnene na mzito. Weka nguzo, na sehemu kubwa ya mzigo ule inashuka kupitia nguzo hadi kwenye bodi. Bawa linakuwa jepesi, na kiwanda kinalitengeneza kwa gharama ndogo. Ubaya wake ni kwamba nguzo inapambana na upepo muda wote na kupunguza mwendo kidogo. Kwa ndege inayokwenda kama kilomita 230 kwa saa, Cessna waliona hasara hiyo inavumilika. Na bawa likiwa juu, nguzo inakaa chini yake, ambako haivurugi hewa inayopita mgongoni mwa bawa. Mgongo wa bawa ndio unaohitaji hewa laini kuliko tumbo lake.

Sasa petroli. Matangi ya 172 yamo ndani ya mabawa, moja kila upande, na injini iko mbele, chini ya usawa huo. Mafuta hushuka yenyewe, kama maji ya tangi la juu ya paa yanavyoshuka hadi bombani jikoni. Kwenye modeli za zamani zenye kabureta hakuna hata pampu ya mafuta. Fikiria maana yake kwa mtu aliye futi 8,000 juu ya msitu: kuna kifaa kimoja kizima ambacho hakiwezi kumharibikia, kwa sababu hakipo. Modeli zilizotoka kuanzia 1996 zina injini ya kudungiwa mafuta, na hizo zinahitaji pampu, lakini bado mafuta huteremka kutoka mabawani.

Linganisha na Piper Cherokee yenye mabawa chini. Matangi yake, yaliyomo mabawani, yako chini ya usawa wa injini, kwa hiyo mafuta lazima yavutwe kwenda juu. Inabidi kuwe na pampu inayoendeshwa na injini na nyingine ya umeme ya akiba. Kisha kuna swichi ya matangi. Kwenye 172 rubani anaweza kuielekeza kwenye "yote mawili" na kuiacha hapo safari nzima. Kwenye Cherokee hakuna nafasi hiyo, ni kushoto au kulia, kwa sababu tangi moja likikauka pampu ingefyonza hewa badala ya petroli. Rubani lazima akumbuke kubadilisha kila baada ya muda. Wapo waliosahau, injini ikazimika angani ilhali tangi la pili limejaa.

Asubuhi kabla ya kuruka, rubani wa 172 hukanyaga kikanyagio kidogo kilichowekwa ubavuni, anajivuta juu, anafungua kifuniko na kuzamisha kijiti chenye alama kuona kiasi cha mafuta. Hategemei mshale wa ndani peke yake. Akishuka huenda chini ya bawa na kikombe cha plastiki angavu chenye kijiti katikati, anakisukumia kwenye vali ndogo, na petroli inatiririka kikombeni. Anakiinua kwenye mwanga. Petroli ya ndege hizi hutiwa rangi ya buluu ili isichanganywe na nyingine. Kama kuna maji yaliyoingia usiku wa mvua, yatajitenga chini ya kikombe, meupe, chini ya ule ubuluu. Atamwaga, atarudia, hadi kikombe kitoke cha buluu tupu. Kazi yote hiyo anaifanya akiwa amesimama. Mwenzake wa Piper hupiga magoti.

Mwaka 1958 marubani wawili wa Marekani, Robert Timm na John Cook, walipaa kutoka Las Vegas na 172 yao, na hawakugusa ardhi hadi Februari 1959, baada ya siku 64 na saa 22. Mafuta waliyapata kwa kuruka chini kabisa juu ya barabara iliyonyooka, lori likikimbia chini yao na kuwapandishia bomba. Yaliingia kwenye tangi la ziada lililofungwa tumboni, kisha pampu ya umeme ikayapeleka mabawani, na kutoka huko yakashuka injini kama kawaida. Ndege ile sasa imetundikwa kwenye jengo la uwanja wa ndege wa Las Vegas.

Mbali na petroli kuna suala la ardhi yenyewe. Kiwanja cha porini hakina ukingo wa lami. Kuna nyasi ndefu, kichuguu, mti wa miiba uliosahaulika kukatwa, uzio wa shamba. Bawa la juu hupita juu ya vingi kati ya hivyo. Kupakia nako ni rahisi: gari linasogea hadi mlangoni, na 206 ina mlango wa mizigo wa vipande viwili upande wa kulia unaoweza kupitisha pipa au machela ya mgonjwa. Hakuna anayelazimika kukanyaga bawa ili aingie, kama ilivyo kwa Cherokee yenye mlango mmoja ulio juu ya bawa la kulia. Mvua ikinyesha, abiria hujikinga chini ya bawa. Jua la Turkana likichoma, fundi anafanya kazi kivulini.

Hata hivyo tusikuze mambo. Anne Spoerry, yule daktari Mfaransa aliyejulikana Kenya nzima kama Mama Daktari, alizunguka Lamu na kaskazini mwa nchi kwa miaka mingi akirusha Piper yenye mabawa chini. Bawa la chini halishindwi na pori ikiwa rubani anaijua ndege yake na anavijua viwanja vyake. Bawa la juu linampa tu nafasi zaidi ya kukosea.

Kuna maelezo mengine ambayo hurudiwa sana na si sahihi: kwamba bawa la juu hutuliza ndege kwa sababu uzito "unaning'inia" chini yake. Angani hakuna cha kuning'inia, kwa maana ndege ikiinama, nguvu ya bawa nayo inainama pamoja nayo. Utulivu upo kweli, ila chanzo chake ni kingine. Ndege ikilalia upande mmoja huanza kuteleza kuelekea upande ule, na hewa huja kutoka ubavuni. Ikigonga bodi inapanda juu, na bawa likiwa juu, mkondo ule unaopanda unalikuta bawa lililolala pale kwenye shina lake na kulinyanyua. Bawa la chini hupata kinyume chake. Ndiyo maana ukiisimamia Cherokee kwa mbele utaona mabawa yake yamepinda kwenda juu wazi, nyuzi 7 hivi, na ya 172 hayafiki hata nyuzi 2. Piper walilipia kwa mkunjo kile ambacho Cessna walikipata kwa kuweka bawa juu.

Gharama za mtindo huu zipo, na kubwa ni moja. Rubani akikata kona kwenda kushoto, bawa la kushoto linashuka na kumfunika macho upande ule ule anakokwenda. Wanafunzi hufundishwa kuinua bawa kwanza, kutazama, ndipo wakate kona. Karibu na uwanja wenye ndege nyingi si jambo dogo. Cessna walijaribu kulitatua mwaka 1968 kwa 177 Cardinal: hakuna nguzo, na bawa limerudishwa nyuma ili rubani aone kona. Kwa macho yangu hakuna Cessna ndogo iliyo nzuri kuishinda. Ilikusudiwa kuchukua nafasi ya 172, lakini ilianza na injini dhaifu kwa uzito wake, wateja wakabaki na ile ya zamani, na mwaka 1978 ikaachwa. Magurudumu ya kukunjwa nayo ni kazi. Kwa kuwa mabawa yapo mbali juu, 210 hulazimika kuteremsha miguu yake, kuizungusha na kuilaza kinyumenyume ndani ya tumbo. Ukiitazama ikipaa utadhani kitu kimekatika.

Na Cessna wenyewe hawana ndoa na bawa la juu. Ndege yao ya 310 yenye injini mbili, na ndege zao za jeti za Citation, zina mabawa chini. Vilevile 188 ya kupulizia dawa mashambani, ambayo rubani wake huketi juu ya bawa aone nyaya za umeme zilizo mbele, na ikitokea ajali bawa ndilo linalotangulia kupokea kishindo. Kazi ikibadilika, bawa linahama.

Mwaka 1986 Cessna waliacha kabisa kutengeneza ndege zao za injini za pistoni kwa sababu ya kesi za fidia, na hawakurudi hadi sheria ya Marekani ilipobadilishwa mwaka 1994. Uzalishaji ulianza tena mwaka 1996. Katika ukame huo, kati ya ndege zao ndogo za propela, Caravan ndiyo iliyokuwa ikiendelea.

Ilipaa kwa mara ya kwanza tarehe 9 Desemba 1982, siku ambayo Tanzania Bara ilikuwa ikiadhimisha Uhuru, na ukiitazama ni 206 iliyokuzwa: bawa juu, nguzo ubavuni, magurudumu yasiyokunjwa, mlango mpana wa mizigo. Kilichobadilika ni injini. Badala ya pistoni ina tabini, yaani injini ya jamii ya jeti inayozungusha propela, ya Pratt & Whitney Canada, nayo hainywi petroli ya buluu. Inatumia mafuta yale yale ya jeti kubwa, yanayofanana sana na mafuta ya taa. Kwa Afrika Mashariki hilo lilikuwa jambo kubwa, kwa kuwa petroli ya ndege ni ghali na viwanja vingi havina kabisa, ilhali mafuta ya jeti yapo kila penye uwanja wa maana. Ndiyo sababu makampuni ya safari za mbugani, AMREF Flying Doctors na wamisionari wa MAF (Mission Aviation Fellowship) huko Kajjansi, Uganda, wote wamewahi kuitegemea. Matangi yake bado yamo mabawani, na mafuta bado huteremka kwa uzito wake hadi kwenye tangi dogo chini ya sakafu, ambako sasa pampu huyapokea na kuyapeleka kwenye injini.