Moyo ukisimama ghafla nje ya hospitali, nani hupona?

Moyo kusimama na mshtuko wa moyo si kitu kimoja?

Hapana, ingawa wengi huvichanganya. Kwenye mshtuko wa moyo, mshipa unaolisha misuli ya moyo huziba. Mgonjwa huumwa kifua na kutokwa jasho, lakini kwa kawaida bado anaongea. Moyo ukisimama, damu haifiki kwenye ubongo na mtu huzimia ndani ya sekunde chache. La kwanza laweza kuzaa la pili.

Wangapi hupona?

Hata kwenye nchi zenye ambulensi za haraka, ni takriban mmoja kati ya kumi. Hesabu hiyo inakatisha tamaa, ila haiwahusu wote kwa usawa. Kila dakika inayopita bila kukandamizwa kifua wala kushtuliwa kwa umeme hupunguza nafasi ya kupona kwa asilimia 7 hadi 10. Ndiyo maana anayeamua mengi ni yule aliye karibu, kabla daktari hajafika.

Juni 12, 2021, mchezaji wa soka wa Denmark, Christian Eriksen, alianguka uwanjani Copenhagen. Alikandamizwa kifua na kushtuliwa kwa umeme palepale. Februari 2022 alikuwa anacheza tena. Lakini wengi huangukia nyumbani, na hapo timu ya madaktari ni wewe na jirani.

Nitajuaje kuwa moyo umesimama?

Mwite, mtikise mabega. Hajibu na hapumui kawaida? Anza. Usipoteze muda kutafuta mapigo. Mtego mkubwa uko kwenye pumzi: wengi hukoroma au kuvuta hewa kwa kushtukashtuka, moja moja, na waliopo husema, “Bado anapumua, tumwache apumzike.” Huko si kupumua. Ni ubongo unaokosa hewa, na kusubiri hapo ndiko kunakoua.

Nifanye nini basi?

Mtu mmoja apige simu ya dharura, mwingine atafute mashine ya kushtua moyo, ukiiwasha, itakuelekeza. Wewe weka mikono katikati ya kifua, bonyeza kwa nguvu, kina cha sentimita 5 hadi 6 kwa mtu mzima, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Acha kifua kirudi juu kila mara. Ukichoka, pokezaneni.

Nikimvunja mbavu?

Yawezekana, na hata wataalamu huwavunja watu. Ubavu huunga.

Lazima nimpulizie mdomoni?

Kama hujafunzwa, bonyeza tu. Kwa mtoto au aliyezama majini, pumzi zina uzito zaidi, kwa hiyo anayejua azitoe.

Aliyepona hurudi kama zamani?

Wengi hurudi kwenye maisha yao, baadhi wakiwa wamepandikizwa kifaa cha kushtua moyo. Wengine hubaki na uchovu, usahaulifu au hofu ya kulala peke yao, mambo ambayo kliniki ya moyo isipouliza, mgonjwa hayasemi. Na aliyekibonyeza kile kifua naye aulizwe hali, hasa kama mgonjwa hakupona.