Je, wajua kwa nini kichekesho cha mtu mpweke hakihitaji pesa nyingi?

Chukua onyesho hili. Kijana kahamia Kampala mwezi uliopita, hana anayemjua. Asubuhi anamsalimia jirani: "Oli otya?" Jirani anajibu, "Gyendi." Sasa, salamu za Kiganda zina mkia: "mmm" ya huyu, "mmm" ya yule, kisha kila mtu anashika njia yake. Jirani kashaondoka zamani, kijana bado anaguna peke yake mlangoni.

Umecheka huku umejikunyata. Na gharama yake? Mlango, waigizaji wawili, kamera moja.

Siri iko kwenye muda. Utafiti wa lugha 10 uliochapishwa mwaka 2009 ulionyesha kwamba kati ya swali na jibu, kwa wastani watu huacha kama sehemu ya tano ya sekunde tu. Kwa hiyo ukimya wa sekunde tatu ni jangwa. Filamu zenye pesa hulikimbia jangwa hilo: muziki unaingia, picha inabadilika. Mwenye kamera moja huiacha pale pale, na mtazamaji hana pa kujificha.

Lakini aibu ni ya kijana, mbona inatuchoma sisi? Mwaka 2011 watafiti wa Ujerumani walipima ubongo wa watu waliokuwa wakishuhudia wengine wakijiaibisha. Ziliamka sehemu zilezile zinazoamka tunapomwona mtu akiumia, hata pale mwenye aibu asipojua kwamba kajiaibisha. (Hao wasiojua ndio wanaochekesha zaidi, kwa maoni yangu.)

Uganda kuna tatizo moja la ziada, nalo ni tamu: VJ. Kwenye vibanda vya video, VJ hutafsiri filamu ya kigeni kwa Kiganda papo hapo, akitia na utani wake. Isaac Nabwana, anayetengeneza filamu kwa pesa kidogo mtaani Wakaliga, aliiingiza sauti ya VJ Emmie ndani ya filamu yenyewe, Who Killed Captain Alex? ya mwaka 2010. Penye risasi na mateke, VJ ni pilipili kwenye muhogo. Penye kijana wetu mlangoni, maneno mengi yangeua kila kitu.

VJ anayeijua kazi yake angenyamaza. Sekunde moja, mbili, tatu, kibanda kizima kikijikunyata. Halafu angesogelea kipaza sauti, taratibu:

"Mmm."