Si kweli kwamba trauti wa bwawani hula chambo cha vidonge tu

Ujumbe huu huzunguka kwenye makundi: samaki aina ya trauti waliopandikizwa bwawani hawagusi kitu ila unga uliofinyangwa ufanane na chakula cha vidonge walicholishwa kwenye vitotoleo, yaani mahali wanapototolewa na kukuzwa. Tafadhali usiusambaze.

Chimbuko lake linaeleweka. Siku za mwanzo baada ya kumwagwa bwawani, trauti huvutwa kweli na harufu na umbo walilozoea. Anayevua siku hizo huona unga ukishinda, akadhani ndiyo kanuni ya mwaka mzima. Lakini trauti ni mwindaji kwa asili. Hujifunza kula wadudu, nyungunyungu na samaki wadogo, na hukimbilia chambo bandia cha chuma kinachozunguka na kumetameta, hata akiwa mgeni.

Kinachobadilisha mambo zaidi, kwa maoni yangu, ni maji. Yakipanda kupita nyuzi 20 hivi za Selsiasi, samaki hulegea na kushuka kwenye kina chenye ubaridi. Hapo chambo chochote kikielea juu mara nyingi hakiliwi.

Kuhakiki ni rahisi: ukipasua samaki wako, fungua tumbo uone alichokula. Au vua kwa ndoano mbili, pale kanuni za bwawa zinaporuhusu, kina kilekile, chambo tofauti, uhesabu.