i7 Gani? Taja Namba Yote

Mteja mwingine tena kaweka laptopu ya mtumba mezani na kuuliza: "Fundi, hii ni i7, mbona inazidiwa na i5 ya shemeji yangu?" Swali hili nimelijibu mpaka basi. Leo naliandika, atakayeuliza tena nitamtumia hapa.

i3, i5 na i7 ni madaraja ya prosesa za Intel, yaani chipu ambayo ndiyo ubongo wa kompyuta, ndani ya kizazi kimoja. Nje ya kizazi hicho hayakuambii kitu. Gari hamnunui kwa kuambiwa ni Toyota tu bila kuuliza mwaka. Kwenye kompyuta kwa nini mnakubali?

Chukua prosesa mbili zilizojaa kwenye maduka ya mitumba: i7-6600U na i5-8250U. Kwa hizi mbili, tarakimu ya kwanza baada ya kistari ndiyo kizazi. Hiyo i7 ni kizazi cha 6, ya mwaka 2015, na ina viini (cores, yaani wafanyakazi ndani ya prosesa) viwili tu. Hiyo i5 ni kizazi cha 8, ya 2017, ina vinne. Sasa muuzaji anakuonyesha kwamba i7 imeandikwa 2.6 GHz na i5 imeandikwa 1.6, anakwambia, "Si unaona mwenyewe?" Hapa ndipo watu wanapopigwa, na hapa ndipo ninapokasirika. Namba hiyo ni spidi ya msingi. Prosesa zote mbili zimepangiwa wati 15. Ukizigawa wati hizo kwa viini vinne badala ya viwili, spidi ya msingi ya kila kiini lazima ishuke, lakini wafanyakazi wameongezeka. Spidi ya juu kabisa ni ileile kwa zote mbili, 3.4 GHz. Fungua Excel nzito, kivinjari chenye tabo nyingi na simu ya video kwa pamoja, utaona nani anachoka kwanza.

Herufi ya mwisho nayo isomwe. U ni ya kubana umeme. i7-6700HQ ni kizazi cha 6 vilevile, ila ina viini vinne na inakula wati 45. Hizo ni i7 mbili za kizazi kimoja, na kazi zake ni tofauti kabisa.

Diski sitaikalia sana: kama bado unatumia HDD, ile ya sahani inayozunguka, weka SSD, isiyo na kinachozunguka na yenye kasi zaidi, kabla hujalaumu prosesa.

Hata hivyo, namba hazimalizi kila kitu. i5-8250U kwenye laptopu nyembamba yenye feni iliyojaa vumbi hupata joto, ikajipunguza spidi. Kwa hiyo nikilinganisha mashine mbili za mtumba kwa karatasi tu, najua naweza kukosea. Nataka niziwashe kwanza, nizipe kazi, nizishike.

Kinachonisumbua zaidi ni Windows. Msaada wa kawaida wa Windows 10 uliisha tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haiitambui rasmi ile i7-6600U. Kuilazimisha inawezekana, lakini kwa mashine ya ofisi nasita, maana Microsoft haikuahidi kuipa masasisho. Mwenye Excel ya makro, yaani amri zinazojiendesha zenyewe, namshauri atafute kizazi cha 8 kwenda juu. Wa barua, intaneti na video namwekea Linux Mint, mfumo wa bure badala ya Windows, na LibreOffice, programu za ofisi za bure.

Ukiwa dukani, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika dxdiag, soma mstari wa Processor. Namba hiyo nzima ndiyo unitumie kabla hujatoa hela.