Je, mwimbaji akisahau maneno jukwaani, wimbo huendeleaje?

Tarehe 13 Februari 1960, mwimbaji wa jazz kutoka Marekani, Ella Fitzgerald, alipanda jukwaani katika ukumbi wa Deutschlandhalle, Berlin Magharibi. Alikuwa na wanamuziki wanne tu: Paul Smith kwenye piano, Jim Hall kwenye gitaa, Wilfred Middlebrooks kwenye besi na Gus Johnson kwenye drams. Kabla ya wimbo mmoja aliwaambia wasikilizaji kuwa yeye na bendi hawajamsikia bado mwanamke akiuimba, akaongeza kwamba anatumaini yeye na wenzake watayakumbuka maneno yote. Hakuyakumbuka. Beti za mwanzo zilikwenda vizuri, kisha maneno yakampotea. Hata hivyo hakunyamaza, na bendi haikusimama. Aliwezaje?

Jazz ninayoizungumzia si ile ya Morogoro Jazz au Western Jazz, maana bendi zetu zilibeba jina hilo huku zikipiga dansi. Hii ni ile ya Wamarekani weusi, ambayo mpigaji huruhusiwa, tena hutarajiwa, kutunga papo hapo mbele ya watu.

Wimbo wenyewe ni Mack the Knife. Ulizaliwa Berlin hiyohiyo mwaka 1928, muziki ukiwa wa Kurt Weill na maneno ya Kijerumani ya Bertolt Brecht, kwa ajili ya tamthilia ya muziki. Ulifuata mtindo wa waimbaji wa mitaani waliosimulia visa vya mauaji: beti nyingi, mahadhi yaleyale tangu mwanzo hadi mwisho, bila kiitikio. Aliyewahi kughani utenzi mrefu bila karatasi ataiona hatari mara moja. Katika nyimbo nyingine sauti hubadilika unapofika kwenye kiitikio, na badiliko hilo huyaamsha maneno. Hapa ubeti wa tano unasikika sawa na wa pili, kwa hiyo mahadhi hayakuambii umefika wapi. Kila neno huvutwa na lililolitangulia. Likikukimbia la kwanza, mshororo mzima umekwenda nalo.

Ila marudio hayohayo yanayomtega mwimbaji ndiyo yanayomwokoa. Kila ubeti una vipimo 16 vya mipigo minne minne, yaani mipigo 64, halafu mzunguko unaanza upya. Mpiga saksafoni anapopewa nafasi yake huuacha wimbo ulivyoandikwa na kutunga wake juu ya mzunguko huo, akijua daima amebakiza mipigo mingapi kabla ya kurudi mwanzo. Hahitaji neno hata moja. Ella aliujua mzunguko kwa namna hiyo ya wapigaji. Miaka ya 1940, alipozunguka na bendi ya mpiga tarumbeta Dizzy Gillespie, alijifunza kuziiga tarumbeta kwa kinywa, kwa silabi zisizo na maana zinazoitwa skati. Herufi b na d hukata sauti kama ulimi wa mpiga tarumbeta, na irabu huivuta.

Usiku ule hakukimbilia skati moja kwa moja. Kwanza aliimba kusahau kwenyewe. Aliuliza, kwa mahadhi ya wimbo, ubeti unaofuata ni upi, akasema wimbo huu unapendwa ndiyo maana yeye na bendi wamejaribu. Akawataja Louis Armstrong na Bobby Darin, waimbaji waliokuwa wameurekodi kabla yake, mmoja mwaka 1955 na mwingine 1958. Akakiri kwamba yeye na wenzake wanauharibu. Kisha akashuka kwenye sauti nzito ya mikwaruzo, sauti ya Armstrong mwenyewe, akipiga skati. Mimi kila ninapousikiliza hunasa palepale: maneno anayoyaokota njiani yanakaa ndani ya mizani, na ubeti unapofika mwisho, jina la wimbo linatua mahali pake hasa. Malenga wanaojibizana papo kwa papo wanaufahamu ustadi huo. Mizani hushikwa kwanza, maneno yakafuata.

Wenzake nao walimbeba. Besi hupiga karibu kila pigo, na kila noti yake humweleza mwimbaji yuko wapi katika mzunguko. Kama wangesita hata kidogo ili kumsubiri, mzunguko ungemponyoka.

Kuna jambo jingine linalonigusa katika onyesho hili. Weill alikuwa Myahudi, na mwaka 1933 alilazimika kuikimbia Ujerumani. Deutschlandhalle ilifunguliwa mwaka 1935, na aliyeifungua ni Adolf Hitler, ambaye serikali yake iliipiga vita jazz kama muziki wa watu duni. Miaka 25 baadaye, mwanamke mweusi kutoka Marekani akasimama humohumo akiuimba wimbo wa Weill kwa Kiingereza, akiwa amesahau maneno yake, na Wajerumani wakamshangilia kwa nguvu.

Norman Granz, meneja wake na mwenye kampuni ya kurekodi muziki ya Verve, angeweza kuutupa wimbo ule au kumwomba aurudie studio. Aliutoa kama ulivyo, pamoja na swali la ubeti unaofuata. Mwaka 1961 ulimpatia Ella tuzo ya Grammy ya mwimbaji bora wa kike, na albamu ya onyesho lile ikampatia nyingine.