Mtandao wa simu unapohamia IPv6: kwa nini ninapendelea kuiondoa IPv4 mapema

Mtandao wa simu unapotangaza kwamba unahamia IPv6, toleo jipya la itifaki ya intaneti linalochukua nafasi ya IPv4, wateja wengi hutarajia kasi, lakini kinachobadilika hasa ni anwani, yaani namba inayokitambulisha kifaa kwenye intaneti. IPv4 hutumia anwani za biti 32, yaani anwani 4,294,967,296 kwa dunia nzima, na mafungu ya mwisho ya hazina kuu ya kimataifa yaligawiwa Februari 2011. Kampuni za simu zimekuwa zikiwakusanya wateja wengi nyuma ya anwani moja kwa kutumia mitambo ya kutafsiri anwani, ambayo hulazimika kukumbuka kila muunganisho uliofunguliwa na kila simu. Kadiri wateja wanavyoongezeka ndivyo mitambo hiyo inavyozidi kugharimu, na kumbukumbu zake huwa nyingi mno kiasi kwamba kumtambua aliyetumia anwani fulani kunahitaji kujua pia namba ya poti (inayotofautisha miunganisho iliyo chini ya anwani moja) na wakati kamili.

Anwani za IPv6 ni za biti 128, na kila simu inaweza kupewa fungu lake la /64, yaani anwani zote zinazofanana biti 64 za mwanzo. Uhaba huo unakwisha, ila IPv4 haitoweki siku hiyo hiyo, kwa kuwa tovuti nyingi bado hazina anwani mpya.

Mitandao mingi huanza kwa kuipa simu anwani za aina zote mbili. Nauelewa uangalifu huo, lakini sioni kama unafika mbali: kila simu bado inadai anwani ya IPv4, na wahandisi wanabaki kuendesha mitandao miwili na kuichunguza yote kila hitilafu inapotokea. Ninapendelea simu ipewe IPv6 pekee, na tafsiri ifanyike pale tu inapohitajika.

Tafsiri yenyewe hufanyika hivi. Simu inapouliza jina la tovuti yenye anwani ya IPv4 pekee, tuseme 192.0.2.33, seva ya DNS ya mtandao, ambayo kazi yake ni kugeuza majina kuwa anwani, huitungia anwani ya IPv6, 64:ff9b::c000:221, ambayo mwisho wake ni namba zile zile zilizoandikwa kwa mfumo wa kumi na sita. Simu hutuma pakiti, yaani vipande vya data, huko, na mtambo wa kutafsiri uitwao NAT64 huzigeuza kuwa za IPv4.

Utaratibu huo hukwama programu inapoandikiwa anwani ya IPv4 moja kwa moja, kwa kuwa hakuna jina linaloulizwa. Kwa ajili hiyo ilisanifiwa njia iitwayo 464XLAT mwaka 2013, na Android 4.3 ikaja nayo mwaka huo huo. Simu yenyewe huipa programu anwani ya IPv4 ya ndani, ambayo kwa kawaida ni 192.0.0.4, kisha huzigeuza pakiti kuwa za IPv6 kabla hazijatoka. T-Mobile ya Marekani ilikuwa miongoni mwa waliotangulia kuitumia njia hii kwa wateja wengi. Apple ilichukua mkondo mwingine: tangu Juni 2016 inadai kwamba programu zinazowasilishwa kwenye duka lake ziweze kufanya kazi katika mtandao wa IPv6 pekee.

Jambo ambalo ningemsihi kila mhandisi alipime mapema ni ukubwa wa pakiti. Kichwa cha pakiti, yaani sehemu ya mwanzo yenye anwani, kwa IPv4 kwa kawaida huchukua baiti 20, na cha IPv6 baiti 40, kwa hiyo pakiti ya baiti 1,500 ikigeuzwa hufikia 1,520. Ruta (vifaa vinavyoelekeza pakiti) za IPv6 hazikati pakiti njiani; huitupa iliyozidi na kumtumia aliyeituma ujumbe wa ICMPv6, itifaki ya kutoa taarifa za hitilafu, kwamba aipunguze. Faiwoli, yaani kichujio cha usalama cha mtandao, ikizuia ujumbe huo, ukurasa huanza kufunguka, kisha hukwama bila maelezo yoyote, huku vipimo vya pakiti ndogo vikionyesha kwamba kila kitu ni kizima. Ruhusu ujumbe huo upite, kisha upime kwa pakiti kubwa.

Mipangilio ya APN, inayoiunganisha simu na intaneti ya kampuni, nayo huitenga itifaki (IPv4 au IPv6) ya kutumia nyumbani na ile ya mteja aliye kwenye mtandao wa nchi nyingine. Hiyo ya pili ningeiacha kwenye IPv4 mpaka kila mtandao mshirika upimwe, kwa sababu baadhi yao huikataa IPv6, na mteja aliye ugenini hubaki bila intaneti kabisa.